Cherehani ya Mwisho Ukutani

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua unashangaa kupata barua wakati simu unayo na mimi ninayo. Usicheke. Ni amri ya mwalimu. Anasema mimi kwenye simu husikiliza maneno mawili, la tatu nimeshapandisha sauti, na karatasi haina sauti ya kupandisha. Kwa hiyo tumeambiwa kila mmoja amwandikie mtu anayemheshimu. Nikahesabu ninaowaheshimu, wengine wameshakufa, ukabaki wewe.

Mwalimu gani? Hapo ndipo penye habari. Nimesimamishwa kazi. Nimempiga Fundi Umeme, yule niliyekusimulia, mwembamba, anayeimba akiwa chini ya basi. Alinifichia nyundo mara ya kwanza, nikacheka. Mara ya pili nikamwambia imetosha. Mara ya tatu nikaikuta ndani ya ndoo ya oili chafu, na ni ile nyundo ya marehemu baba, unaijua, mpini wake umelika kwa kiganja chake. Sikumbuki kuamua kumpiga. Nakumbuka amekaa chini ameshika taya kwa mikono miwili. Limevunjika, Dada. Wamemfunga waya, anakula kwa mrija.

Uongozi umesema nihudhurie darasa la watu wenye hasira. Mwisho wa Aprili kamati itakaa, imsikilize yeye, ndipo ijulikane kama narudi kugonga mabodi ya mabasi au nafungasha vyombo vyangu niende.

Nakuomba mambo mawili. Mke wake ni mshonaji, na sasa nyumba nzima inamtegemea yeye. Huku kazi hakuna. Wewe ni msimamizi hapo kiwandani, mtafutie cherehani moja. Nimewavunjia taya, nisiwavunjie na nyumba. La pili ni la darasani. Mwalimu ametuuliza: uchokozi ni nini? Kila mtu aje na jibu lake. Wewe ndiye uliyekuwa na akili nyumbani kwetu, nisaidie.

Mdogo wako


11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwandiko wako bado ule ule wa kuku aliyekanyaga wino, lakini nimeusoma wote. Nimesoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa nimekasirika, mara ya pili nimekasirika zaidi.

Nyundo ya baba ndani ya oili chafu! Halafu wewe ndiye unayepelekwa darasani! Yeye aliyekuchokoza mara tatu amelala kwake anahurumiwa, na amekwenda kukushtaki kwa wakubwa kana kwamba hakuwa na mikono ya kujitetea. Sisemi ulifanya vizuri. Hasira hasara, nilikuambia tangu ukiwa mdogo. Lakini mtu akienda kuchokonoa nyuki asilie akivimba.

Mpe mwalimu wako jibu hili, limetoka kwangu: uchokozi ni wa anayeanza, na ukatili ni wa anayeinua mkono. Ninyi wanaume mna vyote viwili. Mnatwangana asubuhi, jioni mnachangia sigara moja. Sisi hatuna mambo hayo. Kiwanda hiki ni cha wanawake watupu, na tangu nikabidhiwe usimamizi sijaona mtu amemzaba mwenzake kofi. Mwambie alifunge hilo darasa alete watu wake huku wajifunze.

Kuhusu huyo mwanamke, sawa, aje. Ni kwa ajili yako tu. Ipo cherehani moja, ya mwisho kabisa kule ukutani, haina mtu. Aliyekutia matatani leo mimi ndiye nimtafutie mkewe kazi! Haya, dunia ina mambo.

Tutampokea.

Dada yako


25 Februari

Dada yangu,

Shikamoo, na ahsante, ahsante, ahsante. Fundi Umeme ameniambia mkewe amefika salama, amepata chumba karibu na kiwanda, na siku ya pili tu ukamkalisha kwenye mashine. Umenitua mzigo.

Jibu lako nililisoma darasani kwa sauti. Wanaume walipiga makofi. Lakini kuna mama mmoja pale, mpole wa kumtazama, akainua mkono. "Mimi sikuinua mkono," akasema, "niliinua sufuria." Kumbe alimmwagia mumewe maji ya moto. Darasa likachafuka kwa kicheko, na yeye mwenyewe akacheka, kisha akalia. Basi jibu letu likapata ufa hapo hapo.

Kisha yuko mzee mmoja karani mstaafu, huja na tai. Huyo hajawahi kumpiga mtu maishani, ameletwa na binti yake. Unajua kosa lake? Hazungumzi na mwanawe wa kiume. Wanaishi nyumba moja, wanakula meza moja. Akitaka chumvi anamwambia mkewe, "Mwambie huyo asogeze chumvi," na huyo yuko pale pale kando ya chumvi. Mambo hayo yana miaka. Mimi nilidhani kununa ni kwa wanawake, nikasema hivyo. Mwalimu akaligeukia darasa zima. Alituuliza, "Nani humu ndani ndiye mchokozi kuliko wote?" Wote wakanionyesha mimi kwa vidole, na karani naye akanionyesha.

Kila Jumamosi naenda kwa Fundi Umeme kumpikia, kwa kuwa mkewe hayupo. Ninamsagia kila kitu kiwe maji. Wiki iliyopita tumetengeneza redio yake pamoja. Aliongea meno yakiwa yamebanwa na ule waya, akasema, "Ile nyundo nilikosea." Nami nikamwambia nilikosea zaidi. Atanisemea kwenye kamati, ameniahidi mwenyewe. Ila nasikia aibu kupendwa na mtu niliyemvunja.

Vipi mkewe, ameshazoea?

Mdogo wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimecheka sana habari za mama wa sufuria. Mwambie akitoka huko aje, namtaka kwenye upande wa pasi.

Unauliza habari za mke wa rafiki yako. Huku tunamwita Mgeni. Alifika na jina lake zuri tu, lakini siku ile nilimtambulisha kwa wenzangu hivi: "Huyu ni mke wa yule aliyemfukuzisha kazi mdogo wangu." Sikuongeza neno. Sikumtuma mtu kitu. Wanawake hawa nimefanya nao kazi miaka, wengine nimeshika watoto wao wakiwa wachanga. Hawahitaji kuandikiwa barua.

Nikueleze tunavyofanya kazi ndipo uelewe. Tunashona sare za wauguzi. Tuko mstari mmoja, kuanzia mlangoni hadi ukutani. Wa kwanza anaunga mabega, anafunga bunda, anamgeukia wa pili na kusema, "Pokea!" Wa pili anajibu, "Lete!" Bunda linakwenda hivyo mpaka mwisho. Cherehani zinapiga kelele, usipoitwa hujui kama kazi imekufikia. Basi Mgeni haitwi. Bunda linawekwa kimya pembeni yake. Sasa yeye kutwa anageuza shingo, akishona anageuza, akikata uzi anageuza. Anachelewa, na akichelewa anajiona mwenyewe kwamba amechelewa.

Chai ikifika, akikaa benchi hili, waliokaa hapo wanakumbuka wana shughuli. Siku za mwanzo alileta karanga kwenye mfuko, akaziweka mezani, akasema karibuni. Jioni aliondoka nazo zote. Mama Kola, yule mnene anayeshona kola, alinikonyeza mpaka nikakaribia kuangua kicheko.

Na umeme ukikatika ndiyo burudani. Ukirudi, lazima niwashe mimi swichi kubwa ya mlangoni, na kabla ya kuwasha naita, "Mikono!" Kila mmoja, toka mlangoni hadi ukutani, anajibu, "Juu!" maana yake ametoa vidole kwenye sindano. Ambaye hayuko tayari anasema, "Bado." Ni desturi yetu, iliwekwa kabla yangu. Sasa tumeshazoea kuishia kwa Mama Kola, aliye wa mwisho kabla yake. Mgeni anasema "Juu" yake peke yake huku mashine zimeshaanza kunguruma.

Umeona? Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemgusa hata kwa ncha ya kidole. Hiyo ndiyo tofauti yetu na ninyi, na mwalimu wako aiandike ubaoni. Atanyooka taratibu, na mumewe huko atajua maana ya kukushtaki.

Kula vizuri. Mwezi huu usiwaze kodi, nitakusaidia.

Dada yako


16 Machi

Shemeji,

Salamu nyingi. Ni mimi, mke wa Fundi Umeme. Mume wangu ameniambia wewe siku hizi unapenda barua, nami nikaona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana kwenye simu naweza nikashindwa kumaliza.

Kwanza nakushukuru kwa kazi. Mengine yaliyopita yamepita, mume wangu amekusamehe na mimi nimejitahidi. Nasikia unampikia. Usimtilie chumvi nyingi.

Huku wote ni watu wazuri. Dada yako ni mtu makini sana na kazi yake, hakosei. Mshahara unalipwa kwa siku yake.

Shemeji, naomba nikuulize kitu, na unijibu kwa ukweli kama ndugu. Nilipofika kuna jambo nililikosea? Labda namna nilivyosalimia, au nilikaa mahali pasipo pangu. Nimefikiri sana sijalipata. Kama lipo, niambie nikaombe radhi. Nimejaribu kuomba radhi hivi hivi bila kujua kosa, lakini hapakuwa na wa kunisikiliza.

Usimwambie mume wangu kwamba nimeuliza. Atataka kuja na bado hajapona.

Shemeji yako


23 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika na kuichana na kuiandika tena. Mimi ni mdogo wako, na maji hayapandi mlima. Lakini leo niruhusu niyapandishe kidogo.

Jumamosi nilikuwa kwa Fundi Umeme. Mkewe akapiga simu. Wakasalimiana, wakaulizana ya hapa na pale, maneno yakaisha. Jamaa akaiweka simu juu ya meza bila kuikata, akaendelea kuosha vikombe. Nikamwambia, "Umesahau kukata." Akasema, "Sijasahau. Siku hizi ananiomba nisikate. Anasema niiache tu, asikie nikipiga vyombo." Nikabaki nimeitazama ile simu. Tuliongea mimi na mumewe habari za mpira na redio, na yeye huko alikuwa anatusikiliza tu. Alipotaka kulala akasema, "Haya, ahsanteni kwa maongezi." Hakuwa amesema hata neno.

Dada, niliposoma barua yako ya mwanzo wa mwezi nilicheka kwenye karanga. Nakuambia ukweli, nilicheka. Niliposikia ile simu nilitamani nisingecheka.

Nimemvunja mtu taya kwa pigo moja. Kila mtu aliliona, hata mimi. Akapelekwa hospitali, nikapelekwa darasani. Huyu mwanamke anapigwa kila siku na hakuna wa kumpeleka popote, kwa sababu hakuna damu. Mume wake hakunishtaki, Dada. Msimamizi wa gereji ndiye aliyeniona. Ningekuambia mapema kama ungeniuliza.

Nakuomba umwambie habari za asubuhi. Wengine watafuata. Wewe ndiye unayetazamwa hapo.

Mdogo wako


30 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa sijui kama unaisema kwa moyo.

Kwa hiyo darasa limekufundisha kumfundisha dada yako. Mvunja taya anakuja kuniambia mimi ninapiga watu! Nimekaa na barua yako tangu juzi nikiwaza nani aliyekuandikia maneno hayo, maana si yako.

Nikukumbushe kitu, kwa kuwa umesahau. Mama alipofariki ulikuwa mdogo, wale watoto wa jirani walikuwa wanakupiga ukitoka shule. Ulikuja nyumbani shati limechanika. Je, nilikwenda kupigana nao? Sikupigana. Nilizunguka kwa kila msichana wa mtaa ule, nikamnong'oneza. Hakuna aliyecheza nao tena. Hakuna aliyewaazima kitu. Walikuwa wanakaa kizingitini kwao wanatazama wenzao, mpaka mama yao akaja mwenyewe kuomba radhi, analia. Nawe ulisimama nyuma yangu umeshika gauni langu, ukafurahi. Siku ile hukuniuliza uchokozi ni nini.

Mwanamke asiye na baba wala kaka mkubwa atampiga nani? Kwa ngumi ipi? Nilikuwa na ulimi, na uwezo wa kuuzuia. Ndivyo nilivyokulinda, ndivyo ninavyokulinda hadi leo.

Unasema mumewe hakukushtaki. Sawa, sikujua. Lakini nyundo ya baba aliitia kwenye oili, hilo halikutoka kwa msimamizi wa gereji. Na huyo mkewe mbona hajaja kwangu kusema? Ana mdomo.

Nitaona. Usinisukume.

Dada yako


12 Aprili

Mdogo wangu,

Nakuandikia kabla hujasikia kwa wengine.

Jana umeme ulikatika, ukarudi. Niliita "Mikono", nikajibiwa, nikawasha. Mgeni alikuwa ameinamia sindano anatoa uzi uliojisokota, na mguu wake ulikuwa kwenye pedali. Sindano imepita kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ikakatikia mfupani. Amepelekwa hospitali, kipande kimetolewa. Watajua baadaye kama kidole kitakunjika.

Hakusema kitu. Angesema, nisingewasha. Mwenye kiwanda ameuliza wote, wote wamesema hivyo hivyo, na imeandikwa kuwa ni ajali. Hakuna anayenilaumu hapa. Mama Kola ameniletea chai mezani kwangu.

Tafadhali usiniletee maneno ya darasani. Sijalala vizuri.

Dada yako


17 Aprili

Dada,

Nimemwambia Fundi Umeme yote. Barua zako nilizokuwa nazo nimemsomea, ile ya karanga na ile ya Mikono, neno kwa neno, kwa sababu nisingeweza kuyasema kwa maneno yangu. Alikuwa amekaa kitandani. Nilipomaliza aliinuka akaizima redio. Akaniambia, "Ungenivunja mifupa mingine yote ukaniachia mke wangu." Kisha akaanza kutafuta viatu vyake. Amepanda basi la jana kuja huko. Kamati itakaa bila yeye, na hakuna mwingine wa kunisemea. Sikumwomba abaki.

Mwalimu alitaka jibu langu la mwisho. Nilimpa hili, na halikutoka kwako: uchokozi ni kumuumiza mtu makusudi, na kila mtu hutumia kilichopo karibu na mkono wake. Mimi nilikuwa na ngumi. Mama wa darasani alikuwa na sufuria. Karani alikuwa na chumvi. Nilidhani yangu ni mbaya kuliko zote kwa kuwa ina kishindo. Mwalimu akauliza, uchokozi wa mwanaume na wa mwanamke unatofautiana wapi? Nikasema sijui vizuri, ila mwanaume akimaliza kupiga anajua amepiga. Karani akanitazama sana, na mimi nikajua kwamba hata hilo si kweli kwa wanaume wote.

Nakumbuka wale watoto wa jirani. Nakumbuka nilifurahi. Mdogo wao aliacha shule mwaka ule, ulijua? Mimi nilijua, nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimeshika gauni lako.

Mke wa Fundi Umeme hajalalamika. Mumewe alimuuliza kwenye simu kama ni kweli hakusema kitu siku ile, akajibu neno moja tu. Ninalo. Silitaki kwa mwandiko wangu. Nataka uniandikie wewe.

Alisema nini, Dada?


2 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Wala mwishoni hukuandika wewe ni nani wangu. Nimeisoma nimesimama, nikadhani karatasi moja imepotea, nikatikisa bahasha. Nilipoelewa kwamba haikupotea kitu, nilikaa chini. Sijapigwa ngumi maishani mwangu, kwa hiyo siwezi kulinganisha, lakini niliumia mpaka usiku ukapita. Ulijua nitaumia ndiyo maana ukafanya. Sikulaumu. Nilikufundisha mimi.

Nimesikia kamati imekaa, kiti cha Fundi Umeme kikawa kitupu, nawe umefungasha vyombo. Yale yote niliyomfanyia mkewe yalikuwa kwa ajili yako. Ulie usilie, ni yale yale.

Alisema, "Bado."

Nilimsikia. Mama Kola alisema "Juu", na nyuma yake, kwa sauti ndogo, likaja hilo neno, na mkono wangu ulikuwa kwenye swichi. Wote wanaokaa upande ule walisikia. Sikutaka sindano imwingie, naapa kwa kaburi la mama. Lakini tangu Februari nilikuwa nimejizoeza kuiacha sauti yake ipite, na siku ile nikaiacha ipite. Kama ni kusahau au ni kutaka, nimejiuliza, na kila ninapojibu naona najitetea. Nimemwambia mwenye kiwanda ukweli. Amesema yaliyoandikwa yameandikwa, tusifufue mambo, sare zinatakiwa. Mama Kola tangu siku hiyo haniletei chai. Nikiingia, benchi linaondokewa na watu. Sasa najua benchi lile lilivyo refu.

Fundi Umeme yuko hapa. Humleta mkewe hadi getini asubuhi, husimama mpaka aingie, na jioni yuko pale pale. Siku ya kwanza nilitaka kumkaribia, nikageuka nikarudi ndani.

Mkewe amerudi kazini juzi. Kidole kimefungwa, hakikunjiki, anakata nyuzi kwa mkono wa kushoto kwenye ile ile cherehani yake ya mwisho. Leo umeme ukakatika. Ukarudi. Nikaita, "Mikono!" Wakajibu mmoja mmoja toka mlangoni, Juu, Juu, Juu, hadi Mama Kola. Nikasubiri. Hakusema "Juu" wala "Bado", alikuwa ameinama anakata nyuzi zake. Mtu mmoja akasema, "Washa, Msimamizi, tunachelewa." Nikasema, "Hajajibu." Wakatazamana. Nikaita tena, nikiwa nimemwangalia yeye kabisa, na hakuinua kichwa. Ameshaacha kujibu, mdogo wangu. Haoni tena kama ni yeye anayeitwa.

Nikaiacha swichi, nikatembea kutoka mlangoni hadi kule mwisho, cherehani zote zimekufa, viatu vyangu tu vinasikika. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakanipotea yote. Nikasimama mbele yake, nikamwita kwa jina lake, lile alilokuja nalo, nikamwambia, "Habari za asubuhi."

Akainua uso akanitazama. Kisha akageuka kutazama nyuma yake, aone ni nani ninayemsalimia.

Nyuma yake pana ukuta tu.

Dada yako